Watoto Ishirini na Wawili Wasiohesabiwa

Ijumaa ile, kabla hata ya saa nne asubuhi, Felicitas Magbanua alikuwa ameshatia saini fomu kumi na nne za watu wanaoondoka, na hakuna jina hata moja alilolisoma.

Zilikuwa fomu zile za kila wiki. Nesi aliyesoma hapo chuoni miaka sita au kumi iliyopita anataka kazi Ujerumani, au Uingereza, au Saudia, na wakubwa wa huko wanataka Mkuu wa Shule ya Uuguzi athibitishe: huyu alikaa saa ngapi kwenye wodi ya watoto, saa ngapi kwa wagonjwa wa akili, saa ngapi leba. Besing, karani wake wa miaka mingi, alikuwa keshajaza kila kitu. Felicitas alichangia mkono tu, na mkono ulijua njia. Ulikwenda, ukapinda kwenye herufi ya kwanza ya Magbanua, ukarudi, ukapiga mstari. Mwenyewe alikuwa akitazama mvua ikipiga bati la kantini.

"Hii ya kumi na tano uisome, dada," Besing akasema.

"Ina nini?"

"We isome tu. Halafu usinirushie kalamu."

Ilikuwa ya Rhodalyn Escanlar.

Rhodalyn hakuwa mwanafunzi wa zamani wa kupita tu. Alikuwa mwalimu wa wodini, wa mwisho kati ya watatu waliokuwa wakiwasimamia wanafunzi leba. Felicitas ndiye aliyemfundisha, akamvika kofia nyeupe mbele ya wazazi wake, akambembeleza asome shahada ya pili, akampa wodi. Na kusema kweli hakuna aliyeshangaa. Miezi mitano nzima Rhodalyn alikuwa akijifungia chooni na simu yake, na ukipita karibu unasikia sauti ya Kijerumani ikiuliza bei ya viazi, na yeye akiijibu.

Felicitas alikaa akisubiri kuumia. Hakuumia. Ilikuwa kama mdomo baada ya kung'olewa jino: unaugusa, unajua upo, lakini haujibu. Mwalimu wake wa kwanza alipoondoka, miaka minane nyuma, alilia stoo katikati ya vitanda vibovu. Wa tano alimsindikiza mpaka uwanja wa ndege. Kwenye karamu ya kumuaga wa tisa alikula sahani mbili, akaulizia ya tatu.

Rhodalyn mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, mwavuli ukimdondokea miguuni.

"Mama Mkuu, umeshaiona?"

"Nimeiona. Ingia, unalowesha sakafu."

"Unanikasirikia?"

"Hapana."

"Bora ungekasirika, mama. Hivi unanitisha."

"Nikupigie kelele ndiyo ubaki?" Felicitas akauliza, na hakuwa anatania, alitaka kujua.

Rhodalyn akatazama mwavuli wake. "Hapana, mama. Nitakwenda tu."

"Basi." Mkono ukaenda, ukapinda, ukarudi, ukapiga mstari.

Sasa, bila kuelewa jambo hili huwezi kuelewa yaliyofuata. Mwanafunzi wa mwaka wa nne haruhusiwi kufanya mtihani wa bodi mpaka kitabu chake kionyeshe kwamba amewazalisha wanawake watatu kwa mikono yake mwenyewe. Hatakiwi kuwa ametazama tu, wala kushika taa. Na kila mmoja wa hao watatu awe amesimamiwa na mwalimu mwenye leseni hai, aliyesimama hapo hapo na akaona kwa macho yake. Mwalimu anaandika jina, saini, nambari ya leseni na tarehe ya leseni kuisha. Mwaka ule walikuwepo wanafunzi kumi na sita. Mtihani ulikuwa Novemba, na majalada yalitakiwa yawe yameingia kwenye mtandao wa bodi tarehe ishirini Septemba, saa kumi na moja jioni. Wakati huo mtandao unajifunga wenyewe. Haujui kubembelezwa.

Felicitas alitafuta mtu. Alipiga simu kwa wahitimu wa zamani, kwa hospitali za mji wa jirani, hata kwa mwalimu mmoja mstaafu anayefuga nguruwe. Watatu walimjibu kwamba na wao wanasoma Kijerumani. Wa nguruwe alisema magoti yamekataa.

"Basi nitakwenda mwenyewe," akamwambia Besing.

"Wodini? Na mikutano?"

"Mikutano haizai."

Katikati ya Julai akavua viatu vya kisigino, akavaa raba nyeupe, akarudi leba baada ya miaka kumi na moja ya kukaa ofisini. Wiki hiyo hiyo alitimiza miaka hamsini na tisa. Wanafunzi walimletea keki na tambi za kukaanga, maana siku ya kuzaliwa lazima ule kitu kirefu upate umri mrefu, wakamwimbia, na yeye akatabasamu pale palipotakiwa kutabasamu.

Wodini mambo yalikwenda. Mikono ilikumbuka. Alisimama nyuma ya bega la mwanafunzi, hakugusa, akasema kwa sauti ya chini, "Usivute. Subiri. Kichwa kitakuja chenyewe, wewe kilinde tu." Watoto walikuja. Walilia, walifutwa, waliwekwa juu ya vifua vya mama zao. Wanafunzi wengine walilia pamoja nao. Felicitas alisaini vitabu. Katika wiki nne walizaliwa watoto ishirini na wawili mikononi mwa wanafunzi wake, na kama ungemuuliza alihisi nini, angekuambia saa aliyozaliwa kila mmoja na uzito wake.

Aliyeligundua jambo lenyewe ni Jonalyn Sumagaysay.

Jonalyn alikuwa binti wa fundi cherehani, mwembamba, na mdomo wake haukujua kupumzika. Kila kitu aliuliza kwa nini. Kwa nini kitovu kinabanwa mara mbili. Kwa nini kofia za wauguzi ni nyeupe wakati damu ni nyekundu. Wenzake walimwita Redio. Jumatatu moja asubuhi alikuja ofisini na kitabu chake, akasimama mbele ya meza.

"Mama Mkuu, samahani, naomba kuuliza."

"Lini umewahi kuacha?"

"Hii tarehe hapa, ya leseni yako. Umeandika tarehe kumi na nne Julai, mwaka huu."

"Ndiyo."

"Leo ni tarehe kumi na tisa Agosti, mama."

Besing aliacha kuchapa.

Kule kwao leseni ya muuguzi huisha siku yake ya kuzaliwa, kila baada ya miaka mitatu. Felicitas alilijua hilo kama alivyojua njia ya kwenda kanisani. Ndiye aliyekuwa akibandika orodha ukutani kila Januari kuwakumbusha walimu wake: fulani Machi, fulani Juni. Jina lake halikuwemo kwenye orodha, kwa sababu orodha ilikuwa ya walimu wa wodini. Kwa hiyo siku aliyokula tambi za umri mrefu ndiyo siku leseni yake ilipokufa, na siku mbili baadaye akaingia leba. Tarehe ile mkono ulikuwa umeiandika kwa miaka mitatu. Uliendelea kuiandika, mara ishirini na mbili, kwa mwandiko mzuri, mbele ya macho yake.

"Nenda darasani, Jonalyn," akasema.

"Nimekosea kuuliza, mama?"

"Hapana. Nenda."

Mlango ulipofungwa, Besing akasogeza kiti. Alikuwa na miaka ishirini na saba katika ofisi ile na amewazika wakuu wawili. "Dada, sikiliza. Kesho unapanda basi la kwenda Iloilo, kwenye ofisi ya bodi, unalipia leseni, unaipata. Vyeti vya semina wanavyodai unavyo gunia zima. Tunachapa kurasa mpya, unaandika tarehe mpya. Nani atajua?"

"Redio anajua."

"Redio anataka kufanya mtihani kama wenzake."

Jioni hiyo hiyo Rhodalyn akapiga simu kutoka Manila, alikokuwa akingojea viza. Habari zilishamfikia, hakuna aliyesema kwa njia gani. "Mama, nitumie kurasa nisaini mimi. Leseni yangu ni hai mpaka mwakani. Niko hapa bure tu, nakula na kulala, nimenenepa kama askofu."

"Hukuwepo, Rhodalyn."

"Lakini wewe ulikuwepo! Watoto wako hai! Wote ishirini na wawili! Sasa kosa liko wapi, mama, si karatasi tu?"

Felicitas akaagana naye. Alikaa na simu mkononi akingoja moyo umkataze, kama wanavyosema watu kwamba moyo humkataza mtu. Moyo haukusema kitu. Kubadilisha kurasa hakukumtia aibu, na kutobadilisha hakukumtia fahari. Vyote viwili vilikuwa mbali, kama watu ng'ambo ya mto.

Akarudi kwenye kitu kimoja alichokuwa na uhakika nacho kwa sababu alikifundisha kila mwaka, Jumatatu ya pili ya muhula. Ukimpa mgonjwa dawa siyo, unasema. Huendi kwanza kujifungia ukahisi vibaya, hungoji ujasiri. Unakwenda kwa mkuu wa zamu na mikono yako inayotetemeka au isiyotetemeka, unasema: nimempa dawa siyo, saa fulani, kiasi fulani. Uchungu utausikia baadaye, ukipata nafasi.

Asubuhi akaandika barua kwa bodi, nusu ukurasa. Halafu akawaita wanafunzi kumi na sita kwenye chumba cha mazoezi, katikati ya wanasesere wa mpira waliolala vitandani midomo wazi, akawaambia.

"Watoto ishirini na wawili mliowapokea hawahesabiwi. Kosa ni langu. Leseni yangu ilikuwa imekwisha na sikuangalia. Nitaihuisha. Mtaanza upya kwa wale mliowakosa."

Sauti ikatoka nyuma: "Jonalyn na mdomo wako!"

"Redio haizimiki, ndiyo haya sasa."

"Mama yangu keshashona suti ya sherehe, mimi nitamwambia nini?"

Jonalyn alitazama viatu vyake.

"Nyamazeni," Felicitas akasema, bila kupandisha sauti. "Bodi ingeiona tu. Wangewarudisha Novemba mkiwa mlangoni na penseli zenu. Afadhali yeye leo kuliko wao siku hiyo."

Lilikuwa neno la kweli, lakini alilisema kama anayesoma ratiba ya mabasi, na wanafunzi hawakulipokea kama kumtetea mtu.

Rais wa chuo alimwita. Hakufoka. Alimwonyesha kwa kidole, kupitia dirishani, turubai kubwa langoni lenye picha za waliofaulu mwaka uliopita, sura moja moja, majina chini yake. "Mwaka huu tutatundika nini, Mama Mkuu? Ungeniuliza kabla ya kuandika barua."

"Ungeniambia nisiandike."

"Hasa!"

Alimwacha kwenye cheo, kwa sababu ileile iliyompeleka leba: hapakuwa na mwingine.

Leseni ilitoka mwisho wa Agosti. Zilibaki siku kumi na tisa, na wanawake ishirini na sita waliohitajika kuzaa mikononi mwa wanafunzi: ishirini na wawili wa kurudia, na wanne ambao walikuwa bado tangu mwanzo. Wanafunzi walipanga wenyewe orodha ya zamu, wakamletea asubuhi moja akiwa na simu sikioni. Mkono ukaenda, ukapinda, ukarudi, ukapiga mstari.

Sasa leba ikaamua kunyamaza. Siku ya kwanza, mama mzazi mmoja. Ya pili, hakuna. Ya tatu walikuja wawili, wote wakapelekwa chumba cha upasuaji. Wanafunzi walikaa kwenye benchi kama abiria wa meli isiyokuja, wakiuliza kila mwanamke mnene aliyepita kama amekuja kuzaa. Mmoja aliwajibu kwamba yeye ni mkaguzi wa afya, na huo ni unene wa kawaida.

Ndipo Jonalyn akaleta tambi.

Kila nesi wa visiwa vile anajua kwamba tambi haziliwi kwenye zamu. Siku ya kuzaliwa zinaleta umri, lakini wodini zinaleta wagonjwa, mfululizo, mrefu kama zenyewe. Jonalyn aliingia na sinia zima lenye mvuke, kitunguu kimenyunyiziwa juu, akaliweka katikati ya meza ya leba. Mkuu wa wodi, Sista Ludivina, mwanamke mpana mwenye sauti ya mnadani, akalirukia.

"Nani kaleta laana hii wodini kwangu?"

"Mimi, Sista. Tunataka wazazi."

"Unataka wazazi! Mimi nina manesi watatu na vitanda sita, mtoto wewe! Toa!"

"Onja kidogo tu, Sista. Mama ameweka uduvi."

Sista Ludivina alisimama mbele ya sinia kwa muda. "Uduvi wa wapi?" akauliza. Kisha akavuta kiti.

Usiniulize sababu. Kesho yake waliingia wanawake saba. Mmoja alizalia kwenye kiti cha magurudumu, mwanafunzi akimkimbiza na glavu moja mkononi. Sista Ludivina alipita katikati ya vitanda akimlaani Jonalyn, mama yake Jonalyn na uduvi wote wa baharini. Vitabu vikaanza kujaa. Kumi, kumi na sita, ishirini na moja.

Siku ya kumi na tano, Felicitas alikuwa akihesabu yaliyobaki ndipo akaona. Wanafunzi wengine wote walikuwa wamepangiwa zamu tano au sita za leba. Jonalyn alikuwa na mbili. Ya kwanza ilikuwa siku ile ya kimya, hakuzalisha mtu. Ya pili ilikuwa siku ya mwisho kabisa. Siku ya sinia hakuwa hata zamu, alikuja kuleta chakula akarudi zake nyumbani. Alihitaji mwanamke mmoja tu kukamilisha watatu wake, na wenzake walikuwa wamemweka mkiani, bila kelele, kwa wino mzuri. Chini ya orodha palikuwa na saini: Magbanua.

Akambadilishia zamu siku hiyo hiyo. Lakini tambi zilikuwa zimeshakwisha nguvu. Siku ya kumi na sita, hakuna. Ya kumi na saba, upasuaji. Ya kumi na nane alikuja mwanamke mmoja, uchungu wa uongo, akarudi shambani.

Tarehe ishirini, saa mbili asubuhi, aliingia binti wa miaka ishirini, mimba ya kwanza, njia imefunguka sentimita mbili kati ya kumi. Jonalyn akamshika mkono. Majalada kumi na tano yalikuwa yameshaingia kwenye mtandao. Besing alikaa ofisini na la kumi na sita limefunguliwa mbele yake, simu pembeni.

Saa sita mchana, sentimita nne. Saa tisa, sita. Wenzake walianza kujikusanya nje ya mlango, hata yule aliyempigia Jonalyn kelele kutoka nyuma, wakipokezana kuchungulia.

"Bado?"

"Bado."

"Mwambie asukume basi!"

"Usukume wewe, mjinga, njia haijafunguka."

Sista Ludivina alimvuta Felicitas pembeni. "Naweza kumwekea dripu ya kuongeza uchungu. Mtoto angekuja kabla ya saa kumi na moja."

"Anaihitaji?"

"Yeye? Hapana. Anakwenda vizuri tu."

"Basi hapana."

Jonalyn aliyasikia yote mawili. Hakugeuza kichwa. Aliendelea kumsugua yule binti mgongo, akimwuliza atamwita mtoto nani, na kwa nini, na kama mama mkwe kakubali.

Saa kumi na moja ilifika wakati yule binti anatapika. Simu ya Felicitas ikatetemeka mfukoni mara moja. Alikuwa Besing: mtandao umejifunga. Nje mlangoni mtu alianza kulia, na hakuwa Jonalyn.

Mtoto alizaliwa saa kumi na moja na dakika arobaini, wa kike, kilo tatu na robo. Jonalyn hakuvuta. Alikilinda kichwa, akasubiri bega, akampokea, akamfuta, akamweka kifuani kwa mama yake, akasema jinsia na saa kwa sauti, kama inavyotakiwa. Alikibana kitovu mara mbili. Tangu Felicitas aanze kufundisha alikuwa hajaona mikono ya mwanafunzi iliyotulia hivyo. Aliliona hilo wazi, kama unavyoona kitu nyuma ya kioo.

Walipomaliza, walikaa kwenye benchi la nje, glavu zimevuliwa.

"Utafanya mtihani wa Mei," Felicitas akasema. "Ile orodha ya zamu niliisaini. Sikuisoma."

"Najua, mama. Nilikuwepo. Ulikuwa unaongea na simu."

"Kwa nini hukusema? Wewe unayesema kila kitu?"

Jonalyn akafikiri. "Safari ile niliposema, kila mtu alipata hasara. Nikaona safari hii nijaribu kunyamaza." Akajifuta pua kwa mkono wa gauni. "Nayo haikusaidia."

Felicitas alimtazama. Kitu kidogo kilimchoma chini ya mbavu, kikapita kabla hajajua ni nini.

"Mwaka wa tatu wanaanza mazoezi Jumatatu," akasema. "Wako thelathini na sina wa kuwashikisha wanasesere. Huwezi kusaini, huwezi kuingia nao wodini, lakini kuwaonyesha mikono inavyokaa unaweza. Mpaka Mei."

"Nifundishe? Mimi?"

"Watakuuliza kwa nini, kwa nini. Utawajibu wewe, mimi nimechoka."

Jonalyn akanyoosha gauni lake magotini. Kisha akasema, "Mama, nisikudanganye. Na mimi nataka kwenda Ujerumani."

"Najua."

"Nimeshaanza kujifunza. Najua kuuliza bei ya viazi."

"Wote mnaanzia hapo," Felicitas akasema. "Saa moja na nusu asubuhi, Jumatatu. Uje na mkasi wako wa kukatia kitovu, ya chuo ni mibutu."